Ipe Ngome Mgongo Uione Mombasa

Ukifika Mombasa, msomaji, usiridhike na kupigwa picha mbele ya Ngome ya Yesu kisha ukakimbilia ufuoni. Ipe ngome mgongo, ushike Ndia Kuu kwa miguu. (Ndiyo, ni “ndia”. Ndivyo isemavyo Kimvita, nawe usiwasahihishe watu kwao.)

Si kwamba ngome haina makuu. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, waliyemlea Goa na kumbatiza, akawageuka na kuitwaa. Waomani nao waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, huku maradhi yakiwamaliza waliokuwa ndani. Waingereza wakaifanya jela hadi 1958. Tangu 2011 ni urithi wa dunia.

Lakini ngome ina walinzi na tikiti ya kuingilia. Mji wa Kale una nini? Una watu. Asubuhi utanusa mahamri na mbaazi vichochoroni; jioni wazee watakuwa barazani na kahawa chungu. Wamo Waswahili wa Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili yenye mji, pamoja na wenye asili ya Yemeni, Oman na Bara Hindi.

Mji umewafurikia. Reli iliyoanza kujengwa hapa 1896 na bandari ya Kilindini vilileta watu kutoka kila pembe, kisiwa kikajaa, wakamiminikia Kisauni, Likoni na Changamwe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima. Hata abiria wa reli mpya ya 2017 hushukia Miritini, bara.

Ndiyo maana kiwanja kisiwani ni dhahabu. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, lakini tangazo halipaki chokaa. Nyumba ya mawe ina boriti za mikoko na roshani ya mbao. Chumvi ya bahari inaila, na mafundi wa kuitengeneza si wa bei ya chini. Mwenyewe akifa, warithi huwa kumi au zaidi, mmoja yuko Dubai, mwingine ana karo ya kulipa. Mnunuzi wa kujenga ghorofa hakosekani. Nani atamlaumu mwenye karo?

Mimi nilikuta mlango wa kuchonga umeegemezwa ukutani, nyuma yake kifusi kitupu. Mwengine, hatua chache mbele, ulikuwa bado na nyumba yake. Ukitaka kuupiga picha, bisha hodi kwanza. Kuna watu ndani.