Umati Usioonekana



Wapendwa waamini, vijana wetu wametuuliza lipi lililo bora: kusikiliza albamu ya muziki wa rock iliyorekodiwa tamashani, au kulitazama tamasha lenyewe. Swali hili linatufaa sisi sote.

Tuchukue mfano wa U2, kundi la wanamuziki wanne kutoka Dublin, Ireland. Tarehe 5 Juni 1983 walipiga muziki katika mvua na ukungu huko Red Rocks, uwanja ulio kati ya miamba mikubwa karibu na Denver, Marekani, na filamu ikatengenezwa. Mwaka huohuo ilitoka albamu yao *Under a Blood Red Sky*. Mtu aweza kudhani kwamba albamu hiyo ni sauti ya filamu ile. Kumbe kati ya nyimbo zake nane, mbili tu ndizo za Red Rocks. Tano zilirekodiwa Ujerumani, na moja Boston.

Filamu na albamu huishia kwa wimbo uleule, uitwao “40”, uliotokana na Zaburi ya 40. Wanamuziki huondoka jukwaani mmoja mmoja, na watu hubaki wakiimba. Katika filamu, jicho hufuata linakoelekezwa na kamera: kwa mwimbaji, kwa bendera nyeupe, kwa mienge iwakayo miambani. Katika albamu hakuna wa kutazamwa. Vyombo vikinyamaza, husalia sauti ya umati, nao ndio wenye wimbo.

Basi tujiulize: kama Misa yetu ya Dominika ingerekodiwa kwa sauti tu, ni nini kingesikika? Padre angesikika, maana ana kipaza sauti. Kwaya ingesikika pamoja na kinanda. Je, waamini? Macho hutufariji upesi: tunaona mabenchi yamejaa, vitenge vinapendeza, nasi twasema Misa ilifana. Lakini ndugu yetu asiyeona hulijua kanisa kwa masikio. Sisi tukinyamaza, kwake yeye kanisa ni tupu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulitaka waamini washiriki kikamilifu, kwa kuitikia na kuimba, na pia kwa ukimya mtakatifu kwa wakati wake. Haukutaka watazamaji.

Hata hivyo, albamu hailowanishi mtu. Waliokuwa Red Rocks walinyeshewa pamoja. Mgonjwa anayefuata Misa redioni hupata faraja ya kweli. Aliye mzima anaitwa aje, akae bega kwa bega na jirani yake.

Dominika ijayo, wakati wa Baba Yetu, tufumbe macho kidogo tusikilize. Tukisikia pengo, tulijaze kwa sauti zetu wenyewe.

Mungu awabariki. Dominika njema.