Usiku Tatu Roma: Fungate Iliyochelewa Miaka Miwili

Wengi mmetuuliza tulikula nini na tulisali wapi kule Roma, basi leo tunakaa kitako tuwahadithie. Tutasema na yale ya aibu, maana humo ndimo mna faida.

Tulipofunga ndoa, fedha zote zilikwenda kwenye biriani na mapambo. Fungate tuliila chumbani kwa mama mkwe, mlango ukigongwa kila saa na shangazi aliyeleta uji. Hatulalamiki, tulitunzwa kama yai. Lakini miaka miwili tuliishi nyumba ya watu kumi na moja, na hatukuwahi kukaa mezani wawili tu. Tulipokosana tulinuna kimya kimya ili wakubwa wasisikie. Tukaweka kibubu.

Kwa nini Roma? Katika sisi wawili, mume aliwahi kufanya kazi hotelini Kiwengwa, na mnajua Kiwengwa ilivyojaa Wataliani. Kitaliano alikipata kwa wageni, mapokezi na ufukweni. Alikuwa na hamu ya kukitumia kwao wenyewe.

Tulifika Alhamisi mchana. Jambo la kwanza lililotufurahisha ni chooni: kuna bide! Tulikuja na kopo letu kwenye begi kama kawaida ya safari za Ulaya, kumbe Italia sheria ya mwaka 1975 inataka kila nyumba iwe na bide. Barabarani nako kuna mabomba madogo ya chuma, wenyewe wanayaita nasoni, yanatoa maji baridi ya kunywa usiku na mchana, bure. Mji mzima una zaidi ya 2,000. Tulijaza chupa hapo, tukatilia na udhu.

Alasiri tukaenda Pantheon. Ni jengo la Warumi wa kale lililofanywa kanisa tangu mwaka 609, nasi tuliingia kama watazamaji. Kuba lake lina upana wa mita 43, zege tupu bila chuma ndani yake, na juu kabisa limeachwa tundu la karibu mita 9. Mvua ikinyesha inaingia, na sakafu ina vitundu vya kupitisha maji. Tulisimama chini ya ule mwanga tukasema SubhanAllah, mwanadamu kapewa akili.

Usiku ndio mtihani ulipotukuta. Tuliingia mgahawa mdogo karibu na hoteli. Mume akaagiza kwa Kitaliano chake, mhudumu akafurahi, tukajiona wenyeji. Aliuliza kama kuna mvinyo, akaambiwa hakuna. Akaagiza amatriciana, tambi za mchuzi wa nyanya. Mhudumu akasifu sahani yake, akataja neno "guanciale". Mume akatikisa kichwa kama anayelijua. Mke alishtuka kidogo, akanyamaza.

Sahani zikaja zinanukia. Mume alishakula vijiko vitatu ndipo mke alipoona vipande vya nyama kwenye mchuzi. Tukatafuta neno kwenye simu: guanciale ni shavu la nguruwe.

Hatukugombana. Afadhali tungegombana. Tulilipa, tukarudi hotelini, mmoja akasukutua kinywa mara saba, mwengine akageukia ukutani. Tuliyofundishwa chuoni tuliyakumbuka sote wawili: aliyekula bila kujua hana dhambi, akijua aache pale pale, aombe msamaha. Kwa hiyo kilichotulaza macho hakikuwa ule mchuzi.

Ijumaa tukapanda treni kutoka Piazzale Flaminio hadi stesheni ya Campi Sportivi, hatua chache kutoka Msikiti Mkuu wa Roma. Ulifunguliwa mwaka 1995, na mmoja wa waliouchora ni Mtaliani, Paolo Portoghesi. Nguzo zake ndani zinapanda na kutanuka juu kama miti, utadhani umo shambani kwenye minazi inayopeana mikono. Wanawake wana sehemu yao. Tulisali Ijumaa pamoja na Wamoroko, Wabangladeshi, Wasenegali na Wamisri, kila mtu na kanga yake ya kwao. Baada ya sala, nje kuna soko la chakula. Tukanunua nyama ya kuchoma na mkate, tukakaa kwenye ukuta mfupi.

Pale ukutani ndipo tulipozungumza, kwa mara ya kwanza bila mtu wa kutusikia. Mke alisema: "Nilisikia lile neno nikaingiwa na wasiwasi. Nilinyamaza kwa sababu nimezoea kunyamaza." Mume alikaa muda, akasema: "Na mimi sikulijua. Niliona haya kuuliza mbele yako."

Basi lilikuwa hilo tu. Mmoja amezoea kunyamaza, mwengine amezoea kujifanya anajua. Nyumbani, katikati ya watu kumi na moja, tabia hizo mbili zilipita bila kuonekana. Kwenye meza ya watu wawili hazikuwa na pa kujificha. Tulicheka hadi mama mmoja wa Kimoroko akatugeukia akacheka nasi bila kujua sababu.

Jumamosi tulikula kwa raha. Kanuni ikawa mke ndiye anayeshuku, mume ndiye anayeuliza, na hakuna kuona haya. Pizza marinara ikawa kipenzi chetu: nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, haina nyama wala jibini. Usiku, Sabato yao ilipokwisha, tukaenda mtaa wa Mayahudi, ambao ulizungushiwa ukuta mwaka 1555 kwa amri ya Papa Paulo wa Nne. Migahawa yao ya kosher haina nguruwe kabisa. Tulikula artichoki nzima iliyokaangwa, imechanua kama ua, majani yake yanakatika kama chipsi za muhogo.

Kwenye chemchemi ya Trevi, iliyokamilika mwaka 1762, watu hurusha sarafu kwa kugeuza mgongo ili wajaaliwe kurudi Roma. Sisi haja zetu tunajua tunamwomba nani. Sarafu yetu tulimpa bibi mmoja aliyekaa njiani, tukanunua aiskrimu ya pistachio, tukatazama maji.

Kwa wanaokwenda, tunayasema kwa ufupi. Jifunzeni maneno matatu: maiale ni nguruwe, strutto ni mafuta yake, guanciale mmeshaijua. Carbonara na amatriciana ziacheni. Risotto mara nyingi hutiwa mvinyo, na tiramisu huweza kuwa na pombe, kwa hiyo ulizeni kila pahali. Jibini lao la pecorino romano hugandishwa kwa kimeng'enyo cha tumbo la mwanakondoo. Wanavyuoni wamekhitilafiana kuhusu jibini za namna hiyo, fuateni mnayemwamini. Sala chukueni rukhsa ya msafiri, punguzeni na kukusanya.

Na nyinyi mabiharusi, neno moja. Si lazima Roma. Hata Paje, hata Pemba kwa boti, usiku mmoja unatosha. Lakini punguzeni sahani za biriani mtie kitu kwenye kibubu, mpate meza ya watu wawili mapema kuliko sisi. Tuliporudi, mama mkwe alituuliza tulichokiona kizuri zaidi. Tulitazamana, tukamwambia msikiti. Hatukumwambia ukuta.

Allah awajaalie ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma. Amin.