Kengele Yangu ya Tangi

Muhula uliopita viranja wa bweni letu waliniomba nitengeneze kengele ya kutujulisha kwamba tangi limejaa, kwani maji yalikuwa yakimwagika bure. Niliipokea kazi hiyo kwa furaha, na kwa majivuno kidogo.

Katika kitabu kikuukuu cha redio niliona mchoro uliotumia transista mbili za OC71, zile za jemaniamu za miaka ya 1950. Mjomba wangu ni fundi redio hapa mjini Sumbawanga. Nilipomwamkia na kumweleza haja yangu, alifungua kopo lake la vitu vya zamani, akanipa mbili, ndizo zote alizokuwa nazo. Akasema, “Mpwa wangu, hizi zikifa utakwenda wapi?” Sikujibu. Nilitaka kuufuata mchoro vile vile ulivyo.

Niliijaribu kengele alfajiri, na kila mtu ajua baridi ya Ufipa mwezi wa Juni. Ilifanya kazi vizuri. Siku ya tatu, saa saba mchana, jua likikipiga kisanduku juu ya tangi, kengele ikalia. Mwangalizi akaizima pampu. Kumbe tangi lilikuwa nusu tu! Jioni wenzangu walikosa maji ya kuoga, na wote walijua ni kazi ya mikono ya nani.

Transista ya jemaniamu ikipata joto hupitisha umeme hata bila kuamriwa. Umeme huo huongeza joto, na joto huongeza umeme, mpaka transista inakufa. Moja yangu ilikufa hivyo. Nilizunguka maduka ya mjini, sikupata nyingine.

Nilirudi kwa mjomba nimeinamisha kichwa. Hakunicheka. Alinipa BC547 mbili, za silikoni, ambazo hupatikana kwa urahisi. Lakini hazikuweza kuingia tu mahali pa zile za zamani. Ilinibidi nigeuze ncha za betri, kwani OC71 ni ya aina ya PNP, na BC547 ni NPN. Tena silikoni haifunguki mpaka ipate karibu volti 0.6, hali jemaniamu hutosheka na 0.2 hivi, basi nikabadili na rizista. Nilichora upya mchoro wote, na tangu hapo kengele haijatudanganya.

Je, kila cha zamani ni kibaya? La. Saketi ya 555 ilianza kuuzwa mwaka 1972, na hata leo inatengenezwa. Wazee wetu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, yale matanuri marefu ya udongo. Kazi hiyo ilikwisha, lakini wahunzi waliendelea kufua majembe kwa vyuma chakavu. Ufundi ulibaki, ila chuma kilitoka mahali pengine.

Basi, ndugu zangu wa madarasa ya chini, kabla ya kuchora saketi msiulize tu kitu kina umri gani. Ulizeni: kikifa kesho, nitapata kingine?