Neno Futa

Katika kazi yangu ya kuandika miongozo ya programu za kompyuta nimezoea maneno makavu. Ongeza, soma, badilisha, futa: hayo manne ndiyo yanayobeba karibu kazi yote ya programu inayotunza kumbukumbu. Matatu ya kwanza hayajapata kuninyima usingizi. La nne limenisumbua tangu nilipopewa kazi ya kueleza chombo kinachofuta kumbukumbu za ukaguzi wa majengo.

Msomaji asiye wa fani hii aniwie radhi nieleze kidogo. Programu huwa na milango ambayo programu nyingine huipitia kuomba kazi fulani ifanyike, bila mtu kukaa mbele ya kioo na kubonyeza. Milango hiyo huitwa API. Katika chombo ninachokisema, amri ya kufuta ikishapita mlangoni, kumbukumbu imekwenda. Hakuna kapu la takataka la kuipekua kesho yake.

Maelezo niliyokabidhiwa yalikuwa mstari mmoja: "Hufuta ukaguzi." Kijana aliyekiunda chombo aliona yanatosha.

"Kaka, futa ni futa," aliniambia. "Nani asiyejua maana yake?"

"Sawa, mdogo wangu. Lakini picha zilizopigwa siku ile zinakwenda wapi? Na orodha ya kasoro ambazo fundi aliambiwa azirekebishe?"

Alifikiri kidogo, kisha akajibu kwamba vyote huondoka pamoja.

Naishi Mkuyuni, hapa Mwanza, ambako nyumba zimepanda vilimani katikati ya mawe makubwa. Mtu wa huku hahitaji kufundishwa kwamba jengo ni la kuaminiwa kwa yale yasiyoonekana. Kuna nyumba iliyokaa juu ya mwamba wenyewe, na kuna iliyokaa juu ya jiwe lililoegemea jiwe jingine. Zikishapigwa lipu na kupakwa rangi, zote ni nzuri machoni.

Ndivyo ilivyo kwa ghorofa. Mkaguzi huhesabu nondo, hupima unene wake na nafasi kati yake, kabla zege halijamwagwa. Likishamwagwa, hakuna atakayeziona tena. Zege lenyewe huchukuliwa sampuli, zikapondwa kwa mashine, kwa kawaida siku ya 7 na siku ya 28, ili nguvu yake ijulikane. Baada ya hapo sampuli ni vifusi. Kinachobaki ni maandishi: tarehe, kipimo, jina la aliyepima. Karatasi ile ndiyo jicho pekee linalobaki ndani ya nguzo.

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Aprili 2016 jengo lilianguka Huruma, Nairobi. Novemba 16, 2024, ikawa zamu ya Kariakoo, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Kila jengo linapoanguka, baada ya kuwatoa majeruhi na kuwazika marehemu, huja swali lile lile: nani alikagua, lini, na aliona nini? Vifusi hujibu sehemu tu. Sehemu nyingine hujibiwa na daftari, kama lipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nadhani na roho za watu nazo hivyo hivyo.

Sisemi kufuta ni uovu. Mkaguzi anaweza kuandika ukaguzi mmoja mara mbili, au kuuweka kwenye kiwanja kisicho chake. Lakini makarani wa zamani walikuwa na njia yao: walipiga mstari mmoja juu ya kosa, neno likaendelea kusomeka, wakaandika sahihi pale ilivyo, na kutia saini. Hata Sheria ya mwaka 2002 ya kumbukumbu na nyaraka hapa Tanzania hairuhusu kumbukumbu za umma kuteketezwa kwa utashi wa mtu mmoja.

Siku hizi jambo limekuwa zito zaidi, maana anayegonga mlango huenda si mtu bali akili bandia. Hiyo husoma maelezo tuliyoandika na kuyafuata. Mwaka 2025 utaratibu unaoitwa Model Context Protocol uliongezewa alama ya kutaja kama chombo kinaharibu. Na chombo chenye uwezo wa kubadilisha mambo kisipotajwa lolote, huhesabiwa kuwa kinaharibu. Nimeupenda uangalifu huo. Mgeni asiyejulikana hufungiwa mlango kwanza.

Basi niliandika hivi: "Chombo hiki huondoa ukaguzi, picha zake na orodha yake ya kasoro. Haviwezi kurudishwa. Kama ukaguzi una makosa, usifute. Weka wa kusahihisha. Usitumie bila idhini ya mtu aliye na mamlaka juu ya mradi." Kijana aliyasoma, akauliza kama si marefu mno. Nilimjibu kwamba watakaolala chini ya slabu ile hawatayasoma kamwe, wala hawatajua kwamba tuliwahi kuyabishania. Aliyaacha kama yalivyo. Wiki iliyofuata alikuja na wazo lake mwenyewe: kwa nini ufutaji usisubiri siku 30, na mtu wa pili aukubali kwanza?