MSITU WA RAU, JIRANI YA MJI WA MOSHI

Ukifika mjini Moshi, watu watakuonyesha mlima Kilimanjaro. Kilele chake cha Uhuru kina urefu wa mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Ukishautazama, uache mlima mgongoni, ushuke upande wa tambarare. Kama kilomita 3 kusini-mashariki ya mji utaukuta msitu wa Rau.

Msitu huu ni hifadhi ya serikali. Ukubwa wake ni karibu hekta 570. Watu huenda huko kutembea kwa miguu na kwa baiskeli, kupumzika kivulini na kutazama miti na wanyama.

Msitu umetoka wapi?

Tambarare ya Moshi ni kavu. Haipati mvua nyingi kama Marangu, Kibosho au Machame. Basi kwa nini hapa pana miti mirefu na ardhi yenye majimaji?

Jibu liko chini ya ardhi. Mvua nyingi hunyesha katika msitu wa mlimani. Maji mengine huteremka kwa mito. Mengine hunywea ardhini, yakapita katika nyufa za mawe ya volkano. Yakifika tambarare, hutokeza tena kama chemchemi. Mizizi ya miti ya Rau huyafikia maji hayo. Kwa hiyo msitu huu huishi kwa mvua iliyonyesha mbali, huko juu.

Utaona nini?

Utaona msoo. Huu ni mti mrefu unaopatikana sehemu chache tu za Tanzania na Kenya. Hata jina lake la kitaalamu, ambalo wataalamu wa dunia nzima hulitumia, lina neno hili msoo. Utaona pia mvule, mti wa mbao ngumu unaoweza kufika urefu wa mita 50.

Tazama juu kwenye matawi. Huenda ukamwona mbega mweusi mwenye manyoya marefu meupe. Mbega hula majani, na mikono yake haina vidole gumba. Zamani aliwindwa sana kwa ajili ya ngozi yake nzuri. Utawaona na kima, ndege na vipepeo.

Msitu na mji

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Mji ukakua. Mji unaokua hutaka mbao, kuni na mashamba. Msitu wa Rau usingewekwa kuwa hifadhi, leo tungekuta visiki tu.

Kando ya msitu kuna mashamba ya mpunga. Mwaka 1987 ulikamilika mradi mkubwa wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Japani. Mifereji yake hupata maji kutoka mto Rau na chemchemi za Njoro. Mavuno yalikuwa mazuri. Wakulima wa sehemu za juu walipoona hivyo, nao wakalima mpunga. Maji yakawa hayatoshi, na wa chini wakalalamika.

Hapa pana fundisho. Maji ya Rau hayaanzi Rau. Yanaanza mlimani. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu wa mlima nao ukaingizwa ndani yake. Lakini askari wa hifadhi hawezi kulinda kila kijito. Mtu wa mlimani akikata miti ya ukingo wa mto, au akiacha mfongo wake umwage maji ovyo, jirani yake wa Mabogini ataona upungufu shambani. Hawajuani, lakini wanategemea maji yale yale.

Ni kweli, mama hawezi kupika bila kuni. Kumwambia asikate tu hakutoshi. Afadhali kila nyumba ipande miti ya kuni mpakani mwa shamba, kama vile migravilea. Mti ukipogolewa hutoa kuni, nao hubaki umesimama.

Ukienda kutembea

Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Vaa viatu vya kufunika miguu, maana njia nyingine zina matope. Kwanza onana na wahusika wa hifadhi, uulize utaratibu wa kuingia na upate mtu wa kukuongoza. Usikate mti, usiwashe moto, wala usiwape nyani na mbega chakula.

Nenda na watoto wako. Waonyeshe msoo, kisha uwageuze watazame mlima. Waeleze njia ya maji kutoka kule hadi hapa. Wakikua, wao ndio watakaoamua kama msitu huu utabaki.