Shamba la Wote na Tabia ya Binadamu

Msomaji, liko swali la zamani ambalo halijachakaa kwa kuulizwa: je, watu wanaweza kuishi pamoja pasipo changu wala chako, kila mtu akifanya kazi aiwezayo na kupata riziki imtoshayo? Karl Marx, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1818 na kufa London mwaka 1883, aliamini kuwa wanadamu watafika huko siku moja. Wapinzani wake humjibu kwa maneno machache: binadamu ni mchoyo. Wakisha kusema hivyo hudhani kesi imekwisha. Mimi nadhani ndiyo kwanza imeanza, maana tabia ya binadamu ina pande nyingi, na mtu aonaye upande mmoja tu hawezi kuwa hakimu mwema.

Haifai kuihukumu imani bila kuuliza ilizaliwa na nini. Katika karne ya 19 watoto wa maskini wa Uingereza walifanya kazi katika viwanda vya nguo na migodi ya makaa, na faida ya jasho lao ikaenda kwa watu wasioyajua majina yao. Huko Uchina, wakulima wengi walilima mashamba ya makabaila na kuwapa sehemu kubwa ya mavuno yao. Watu hao walipoambiwa kuwa ardhi na viwanda vitakuwa mali ya wote, hawakushangilia kwa upumbavu. Walishangilia kwa sababu walikuwa na njaa ya haki.

Sasa yatazame maumbile yetu wenyewe. Mama hamwandikii mtoto wake deni la uji. Ndugu akiugua hulishwa ingawa hakulima. Nyumbani mwenye nguvu hutoa zaidi na mnyonge hupokea zaidi, wala hapana askari anayesimama mlangoni kulazimisha. Basi kugawana si jambo geni kwa binadamu. Ndilo lililotulea sote. Lakini litazame na bomba la maji la shule lililoachwa wazi. Kila apitaye huliona, na kila mmoja hudhani kuwa ajaye nyuma yake atalifunga. Aristotle wa Uyunani alilijua jambo hili zaidi ya miaka 2300 iliyopita, akaonya kuwa kitu cha watu wengi aghalabu hutunzwa kidogo. Mtu yule yule anayejinyima kwa ajili ya mwanawe hulipita bomba la wote. Je, ni mwema au ni mchoyo? Ni vyote viwili, na kitakachoshinda hutegemea mahali alipowekwa.

Uchina ililijaribu jambo hili kwa kipimo kikubwa. Mwaka 1958 serikali ya Mao Zedong iliwakusanya wakulima katika komuni, kila moja yenye maelfu ya watu. Mashamba, zana na mifugo vikawa vya wote, na watu wakala katika mabwalo ya pamoja. Viongozi wa chini, kwa kuogopa wakubwa au kwa kutaka sifa, walitangaza mavuno yasiyokuwako. Serikali ikachukua nafaka kwa hesabu za uongo, na wakulima wakabaki na ghala tupu. Njaa ya miaka ya 1959 hadi 1961 iliua watu wengi mno: makadirio ya wataalamu huanzia milioni 15 hivi, na mengine hupita milioni 40. Angalia vizuri, msomaji. Uvivu haukuwa ndio ugonjwa mkubwa hapo. Ugonjwa mkubwa ulikuwa hofu, kwa kuwa aliyejua ukweli hakuthubutu kuusema, na aliyekuwa na amri hakutaka kuusikia.

Miaka mingi ikapita, na umaskini haukuondoka. Mwishoni mwa mwaka 1978, katika kijiji cha Xiaogang, jimbo la Anhui, wakulima 18 walikutana kwa siri usiku. Walikubaliana kugawana mashamba ya komuni kwa kaya. Kila kaya ingelima sehemu yake, itoe fungu la serikali na fungu la komuni, na kinachobaki kiwe chake. Wakaandika mapatano hayo na kutia alama za vidole, wakijua kuwa wakigunduliwa wangeweza kufungwa au hata kuuawa. Mwaka uliofuata mavuno yao yaliongezeka mara kadhaa. Ardhi ilikuwa ile ile, na mikono ilikuwa ile ile. Serikali chini ya Deng Xiaoping iliuacha mwendo huo uenee, na kabla ya mwaka 1985 komuni zilikuwa zimevunjwa karibu nchi nzima.

Wengi huisimulia habari hii na kukoma hapo, wakisema: mnaona, binadamu hujitahidi kwa ajili ya tumbo lake tu. Lakini katika karatasi ile ya Xiaogang mlikuwa na ahadi nyingine. Wakulima wale waliahidiana kwamba viongozi wao wakifungwa kwa tendo hilo, wengine wangewalea watoto wao mpaka wafikie umri wa miaka 18. Fikiri juu ya jambo hilo. Watu walioikataa komuni walikataa kwa mapatano ya kushirikiana katika mzigo ulio mzito kuliko jembe. Amri ya serikali ilikuwa imeshindwa kuwafanya walime pamoja kwa moyo. Hiari yao wenyewe iliwafanya wawe tayari kulea watoto wa wenzao. Basi udugu haukuwa umekufa mioyoni mwao. Ulikuwa umekosa mahali pa kufanyia kazi.

Wala mali ya wote haiharibiki daima. Katika kijiji cha Törbel, milimani Uswisi, malisho ya juu ni ya jumuiya, na tangu mwaka 1517 sheria yao ilimkataza mtu kupeleka huko ng'ombe wengi kuliko awezao kuwalisha wakati wa baridi. Elinor Ostrom wa Marekani, mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi, mwaka 2009, alichunguza jumuiya nyingi za namna hiyo. Aliona kuwa hudumu pale watu wanapojuana, wanapojitungia kanuni, na wanapoweza kumwona na kumwadhibu mwenye kudhulumu. Nao Wayahudi kumi na wawili walioanzisha kijiji cha Degania karibu na Ziwa la Galilaya mwaka 1910 waliishi bila mishahara, wakigawana kila kitu kwa hiari. Mtindo huo ulidumu karibu miaka 100, mpaka mwaka 2007 wanachama walipoamua kila mtu apate kipato chake, huku wakiendelea kuchangia wanyonge.

Hata hapa kwetu Afrika Mashariki tumeliona tofauti ya mwaliko na amri. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanzania iliwaalika watu kuishi katika vijiji vya ujamaa. Lakini kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni walihamishwa, wengi wao kwa nguvu, na shamba la pamoja halikupata jasho walilolipata mashamba ya kaya. Ujamaa ulitoka katika neno jamaa, na jamaa hawaundwi kwa lori.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ukomunisti wa nchi nzima haukushindwa kwa sababu binadamu ni mbaya mno. Ulishindwa kwa sababu ulimtaka ampende mgeni kama mwanawe kwa amri, kisha ukawapa watu wachache uwezo wa kumgawia kila mtu chakula. Wachache hao nao ni binadamu. Kama tunaogopa uchoyo wa mkulima mwenye jembe, mbona tusiuogope wa afisa mwenye ufunguo wa ghala? Lakini swali hilo hilo na litupwe kwa upande wa pili: mwenye kiwanda asiyezuiwa na sheria huukuza uchoyo ule ule, na watoto wa viwanda vya Uingereza walikuwa mashahidi.

Kesho wewe msomaji utaalikwa katika ushirika, chama au harambee, na utaambiwa kuwa mali ni ya wote. Usikimbie, wala usiingie umefumba macho. Uliza mambo matatu: je, niliingia kwa hiari na naweza kutoka? Je, kazi ya kila mmoja inaonekana? Na je, mwenye ufunguo anaweza kuulizwa hesabu bila muulizaji kuogopa? Ukijibiwa ndiyo mara tatu, shika jembe. Ukijibiwa hapana, hata maneno yawe matamu namna gani, dai hesabu kwanza.