MC ALIYETAKA UVIMBE WAKE UTUPWE!

Mjini wanamjua kwa mdomo wake. Sendofu kali za Sinza na Mbezi, MC ni yeye. Ila kilichokuwa chini ya gauni hakuna aliyekijua.

Kilianza kiuvimbe kama gololi, titi la kushoto. Miezi miwili tu kikawa kama limao. Hakiumi. Akapimwa kwa sindano, majibu yakasema hazijaonekana seli za kansa. Akamshukuru Mungu, huyoo akarudi kazini.

Uvimbe haukukoma. Ukakua mpaka gauni zikawa zinabana upande mmoja. Akafanyiwa upasuaji, ukatolewa. Mdogo wake akakabidhiwa kichupa chenye ule uvimbe, aupeleke maabara, hela ya kipimo juu yao. Bidada kitandani akasema, "Si walishasema sio kansa? Tupa huko, hiyo ni hela ya kodi."

Mdogo mtu hakubishana. Akaenda kuuza simu yake, akapeleka kichupa.

Wiki tatu baadaye majibu yakatoka: metaplastiki kasinoma, kansa adimu. Ndani ya uvimbe mmoja kuna seli za kansa ya titi ile inayojulikana, na nyingine zilizogeuka zikafanana na gegedu. Daktari akamwambia, "Sindano ilichota sehemu ndogo tu. Uvimbe wenye mchanganyiko unatakiwa usomwe mzima."

Kansa hii haifiki hata 1% ya kansa zote za matiti, lakini inakua haraka. Mara nyingi haina vipokezi vya homoni, kwa hiyo vidonge vya homoni havisaidii. Akarudishwa chumba cha upasuaji, titi likaondolewa lote, tezi za kwapani zikakaguliwa. Kifua kikapigwa picha kuangalia mapafu. Yakawa safi. Zikafuata dripu za kemo, nywele zote chini, halafu mionzi.

Sasa hivi ameshika maiki tena, na kilemba kichwani. Watu wanasema siku hizi anaringa. Hawajui kwamba bado anarudi hospitali kucheki, na kila tarehe ikikaribia halali.

Mdogo wake bado anatumia kitochi. Wakimcheka, MC ndiye anayejibu: "Simu yake ndiyo mimi hapa."

Dada, ukitolewa uvimbe, hata kama sindano ilisema uko poa, uliza: umepelekwa maabara?